Padre Alipolala Kwenye Kitubio

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani ziliingiliana, na joto la Garissa lilikuwa lile la kukausha kanga kabla hujamaliza kuianika. Mimi ni katibu wa ofisi ya parokia. Kwa kawaida kazi yangu ni kupokea simu na kuandika vyeti vya ubatizo, lakini Juma Kuu likifika hakuna tena kazi ya huyu wala ya yule. Nilichapa nyimbo za kwaya, nikatafuta matawi ya mitende, nikawapangia pa kulala walimu waliokuja kusali kutoka vigango, yale makanisa yetu madogo ya mbali. Padre alikuwa peke yake, kwani mwenzake alihamishwa na hatukuletewa mwingine. Asubuhi Misa mjini, mchana gari na vumbi hadi kwenye vigango, jioni Njia ya Msalaba. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaukiwa na sauti, akawa anafundisha kwa kupiga makofi.

Mama wa Kisomali mwenye duka mkabala na lango letu aliniona nikivuka barabara na katoni ya mishumaa kichwani.

“Walaal, ndugu yangu, mbona unakimbia hivyo?” akaniuliza. “Sisi tumefunga, mchana tunabumzika. Nyinyi bado mnabeba mizigo?”

“Tutapumzika Pasaka ikipita,” nikamjibu.

“Inshallah,” akasema, lakini kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jumatano ya Juma Kuu ilikuwa siku ya maungamo. Watu walijipanga mstari nje ya chumba cha kitubio: manesi, walimu, polisi waliovua kofia. Nilikuwa ofisini nikipambana na mashine ya kuchapa iliyokuwa inatafuna karatasi, ndipo nilipomwona bibi mmoja mlangoni. Ni mjane aliyezeekea hapa Garissa, na hakosi Misa.

“Mwanangu,” akaninong'oneza, “padre amelala.”

“Amelala vipi, bibi?”

“Amelala. Nilikuwa naungama, nikasikia pumzi imebadilika. Nikanyamaza kidogo, labda anawaza. Kumbe anakoroma. Tafadhali usimwamshe.”

Nilikwenda nikachungulia. Padre alikuwa ameegemea ukuta, mkono shavuni, mdomo wazi. Sikuwahi kuuona uso wake ukiwa haumsikilizi mtu, na alionekana mdogo kuliko nilivyomdhania. Mkono wangu ulikuwa tayari umeinuka kugonga, maana foleni ilikuwa ndefu. Nikaurudisha. Nikavuta mlango polepole, nikawageukia watu.

“Padre amechoka sana,” nikasema. “Amepitiwa na usingizi. Naomba tumwache kidogo.”

Niliogopa watanung'unika. Polisi mmoja akacheka chini chini. “Dhambi zangu nimekaa nazo tangu Krismasi,” akasema. “Haziwezi kuharibika leo.” Wote wakaenda kukaa kwenye kivuli cha mwarobaini, bibi akiwaonya kila mara wapunguze sauti. Na mimi, nilipoketi nao, nikagundua kwamba miguu ilikuwa inaniuma tangu Jumapili ya Matawi na sikuwa nimepata nafasi hata ya kuisikia.

Padre alitoka jua likiwa limepoa, amefadhaika. “Kwa nini hamkuniamsha?” akaniuliza. Akamfuata bibi. “Mama, nisamehe. Umeniletea moyo wako, nami nikalala.”

“Baba, nilikuwa nimefika kwenye yale madogo madogo,” bibi akamjibu. “Sasa keti, nimalizie.”

Watu waliangua kicheko, na padre akacheka nao mpaka akafuta macho. Maungamo yaliendelea, na hakuna aliyekuwa ameondoka.

Baada ya Pasaka alituita mezani, mimi, katekista wetu anayefundisha dini na mwalimu wa kwaya, akatupatia chai yenye tangawizi. “Sitaki tufike pale tena,” akasema. “Semeni ukweli, nini kinawamaliza?” Kanisani mtu hutaja uchovu kana kwamba anataja uvivu. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyeanza, kwa sauti yake iliyokuwa bado inakwaruza: mazoezi ya kila siku yanamuua. Mimi nikasema nataka mchana ofisi ifungwe, kama maduka ya jirani. Katekista alitaka Jumatatu yake tu, basi. Padre naye akakiri kwamba huwa hajui kusema hapana.

Tulianza hapo. Maungamo ya Krismasi tuliyatandaza katika majuma yote ya Majilio. Padre kutoka parokia nyingine alikuja kusaidia vigangoni, jambo ambalo kumbe lilihitaji kuombwa tu. Manesi walijitolea kupamba kanisa, na ingawa waliweka maua pale ambapo mimi nisingeyaweka, niliyaacha. Si kila kitu kilinyooka. Mashine ilikwama tena, na waimbaji wawili walikasirika kwa sababu mazoezi yalipunguzwa.

Lakini siku ya Krismasi nilifika nyumbani nikiwa na nguvu za kupika. Nilikaanga mbuzi, nikatengeneza chapati, na binti yangu akanisimulia kisa kirefu cha rafiki yake wa shule, kile ambacho siku zote nilimwambia nitakisikia baadaye. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikauliza hata maswali. Mume wangu akaniongezea nyama kwenye sahani.