Maji ya Kijani ya Shimoni

Mwanangu, siku moja ya ujana wangu ilinigharimu bidoni, yaani madumu, kumi na nne za maji safi, shati moja, na heshima yote niliyokuwa nayo hapa Likasi. Nimehesabu mara mbili, haipungui.

Naikumbuka siku ile. Kaka yangu mkubwa, tuliyemwita Yaya kama kaka wakubwa wote wa kwetu, alikuwa na teksi ya kwenda Kapolowe, nayo ndiyo iliyotulisha watu saba. Alikuwa anatoka kwenye homa, na kesho yake abiria wangemngoja. Akaniagiza nimwage maji machafu ya radiateri, yale yanayopoza injini, nisafishe, nitie maji ya kijani yanayouzwa dukani, yale yanayozuia kutu.

Kumwaga nilijua. Nilingoja moteri, yaani injini, ipoe, nikafungua kizibo cha juu, kisha cha chini. Ikatoka kutu nyekundu kama matope ya mvua ya kwanza. Kununua ndiko kulikonishinda. Mwenye duka alitaja bei yake, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Tukaachana kwa furaha, mikono mitupu. Njiani nikakumbuka shimo la wachimbaji lililoachwa nyuma ya mtaa wetu. Maji yake yalikuwa ya kijani kushinda ya dukani, tena ya bure. Mtu mwenye akili analipia rangi? Nikajaza bidoni, nikatia, nikawasha. Moteri ikaimba.

Jirani yetu Mama Kibwe, muuza makala, yaani mkaa, akasimama na gunia lake kichwani. Ujana wake wote aliosha mawe ya madini.

"Weye, uko natia nini mule?"

"Maji ya radiateri, mama."

"Ile maji ulitosha wapi?"

"Kule ku shimo. Iko vert, kijani sawa ile ya ku duka. Minye niko na akili, mama."

"Uko na akili, kweli. Zima moteri. Leta musumari."

Nikaleta mpya, unaong'aa. Akamimina maji yaliyobaki kwenye kikombe, akauzamisha nusu, akaniambia nihesabu mpaka mia mbili. Nilihesabu mara mbili, ni mazoea.

Mwanangu, msumari ulitoka umevaa shaba. Nusu iliyozama ilikuwa nyekundu, nusu ya juu nyeupe vilevile. Nilikwangua kwa ukucha nikidhani ni kutu: ilikuwa shaba. Hapakuwa na moto, wala moshi, wala sauti. Nimezaliwa katika mji wa shaba, nimeona matanuri na malori yake, lakini sikujua kwamba maji yaliyolala kimya yanaweza kufanya kazi ya tanuri.

"Angaria muzuri," akasema Mama Kibwe. "Ile shaba haikukuya bure. Maji iko nakula chuma, na ku nafasi yake inaacha shaba. Sasa moteri ya yaya yako, iko chuma ao iko muti?"

Tukangoja ipoe. Nikamwaga, nikapitisha bidoni saba za maji ya bomba mpaka yakatoka meupe. Nikasema imetosha. "Tena," akasema. Saba nyingine. Akachukua maji ya mwisho, akazamisha msumari mwingine, ukatoka mweupe. Hapo ndipo aliponiruhusu kwenda dukani, na shati langu, kwa kutu na maji ya shimo, halikufaa tena hata kupangusia. Bei ilikuwa imepanda. Sikucheka. Nikarudi nikatia polepole, kizibo wazi, moteri ikizunguka mpaka mapovu yakaisha, nikaongeza, nikafunga.

"Yaya yako, utamwambia weye, ao nitamwambia minye?" akauliza Mama Kibwe.

Nilikuwa nimeshapanga kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaingia kwa Yaya, nikasema yote. Alisikiliza amefumba macho.

"Kesho utapanda na minye mpaka Kapolowe," akasema. "Ikikufa mu njia, njo weye utasukuma."

Nilipanda. Barabara sikuiona, niliutazama mshale wa joto, nao ulikaa katikati, kwenda na kurudi. Yaya hakunisema tena. Teksi ile ilitulisha miaka mingine, ingawa ni kiasi gani cha chuma chake kililiwa na yale maji, sijui hadi leo.

Basi nisikilize. Bishana bei upendavyo, ni haki yako, lakini usibishane na kitu usichojua kinafanya nini. Rangi si kazi. Moteri ya moto usiifungue. Ya mwenzako usiijaribie ujanja. Ukikosea, sema kabla gari halijabeba watu. Na mtu aliyeosha mawe usimdharau kwa sababu leo anauza makala.

Mungu akupe subira ya kungoja vitu vipoe, na jirani wa kukuambia "tena." Nami nikuombe shauri: siku hizi sokoni kuna chupa za maji ya radiateri, za kijani, za pinki na za manjano, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo. Wewe uliyesoma, ukipita kwangu, nisomee yale maandishi madogo kabla sijalipa. Nichukue ipi?