Mshambuliaji Mwenye Mama Kila Mji

Kwa mwaka wa nane mfululizo Hanad Abdille alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Aliosoma nao madrasa kule Galbet, Garissa, walikwisha kuota vitambi na kupeleka watoto sekondari, lakini yeye alibaki palepale kwenye ishirini na sita. Ukimkumbusha, anakwambia mpira hutunza mwili.

Kama ni kuzunguka, amezunguka. Amecheza Wajir, Mandera, Moyale, Isili kule Nairobi, Mombasa msimu mmoja kasoro mwezi, Hargeisa, na hata Djibouti. Djibouti aliingizwa uwanjani dakika ya themanini, na hizo dakika kumi amezisimulia kwa miaka kumi, kila mara zikizidi kuwa ndefu. Tumpe haki yake: mguu wake wa kushoto ulikuwa wa kuogopwa. Kilichomshinda ni kukaa. Kila timu aliingia na begi moja na kutoka na hilohilo, mara nyingi kabla kocha hajajua.

Kipaji chake cha pili, ambacho hakuna kocha aliyemfundisha, kilikuwa kujifanya mwenyeji. Wajir alikuwa mpwa wa watu. Mandera ndiko alikozikwa babu yake, ila kaburi lilifukiwa na upepo. Moyale alisajiliwa kwa jina la Godana, akaitika, na maneno manne ya Kiborana aliyoyaokota njiani yakamtosha msimu mzima. Kila mji alipata mama wa kumpikia, na kila mama aliambiwa kuwa chakula kama chake hakipatikani kwingine.

Miaka mitatu iliyopita alitua Bura, wiki moja kabla ya Kombe la Masika. Waandalizi wa kombe hilo walikuwa wamechoshwa na miguu ya kukodi, wakaweka sharti: kila mchezaji awe mtoto wa mahali anapochezea, kwa baba, kwa mama au kwa maziwa. Mtoto wa maziwa ni yule aliyenyonyeshwa na mwanamke wa pale, angalau mara tano. Kwa sheria ya dini huyo ni mwana wa nyumba ile, waliozaliwa humo ni ndugu zake, na hawezi kumwoa hata mmoja wao. Neno hilo la maziwa waliliweka kwa heshima tu. Hawakujua kuwa kuna watu kama Hanad duniani.

Hanad alinunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani ya chai, akaenda kwa Kaaha, mjane aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, akamwomba aseme kwamba alimnyonyesha. Mama yule alimfukuza. Siku ya pili alimfukuza tena, ila polepole. Siku ya tatu alimuuliza alizaliwa mwaka gani, na Hanad, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akataja mwaka wa kweli. Ndio mwaka ambao Kaaha alimzika mwanawe wa kiume akiwa na miezi minne. Alimtazama kijana yule kwa muda mrefu, kisha akamwambia aingie ale.

Karani wa usajili alitoka Nairobi, kwa hiyo Kaaha alimtolea ushahidi kwa Kiswahili.

"Wewe andika," alisema. "Huyu nanyonyesha mimi. Mama yake iko mgonjwa, mimi iko na maziwa mingi. Si mara tano, biga hesabu ya miezi tano."

Hanad naye akasimama mbele ya Maalim Aden, imamu wa Bura, na umati wa watu, akakiri kwa sauti kuwa Kaaha ni mama yake wa kunyonya. Alikiri vizuri mno, hata machozi yakamtoka. Jumapili Bura iliilaza Ijara mabao mawili kwa moja, yote mawili ya mguu wa kushoto, na vijana wakambeba mabegani hadi msikitini.

Safari hii hakuondoka. Alisema ni goti. Ukweli ni kwamba chakula cha Kaaha kilikuwa kizuri na kilitoka kwa wakati. Alimwita hooyo, yaani mama, naye akaitika kila mara, hata alipoitwa bila sababu. Wanawake wa sokoni waligundua kuwa siku hizi Kaaha anacheka, na kwamba maziwa bora hayauzwi, yanafichwa kwa ajili ya mwanawe.

Kisha Fowsiya akarudi nyumbani. Huyu ni kitinda mimba wa Kaaha, aliyekuwa chuoni Garissa akisomea dawa za mifugo. Sasa alifungua duka karibu na soko, akawa anawauzia wafugaji dawa ya kupe na kuwagombeza kwa kukisia vipimo. Siku ya kwanza Hanad alipoingia ukumbini, Fowsiya alivuta mtandio wake akajifunika. Dada wa kunyonya hajifuniki mbele ya kaka yake. Hanad akajua kwamba mama amemwambia bintiye ukweli, na badala ya kuona aibu, moyo wake ukaruka. Mtu huyu aliyezunguka nchi tatu alipenda, na alipenda vibaya, kwa kulala chali na kutazama mabati.

Akaanza kununua dawa ya kupe, ingawa hakuwa na hata mbuzi. Kopo la saba lilipotoka, Fowsiya alimwambia wazi, "Mimi nakupenda, Hanad. Lakini Bura nzima inajua wewe ni kaka yangu, na aliyewaambia ni wewe. Simama palepale uliposimama, useme ulidanganya. Useme kwa mdomo wako mwenyewe. Ukisema, nitaolewa nawe hata kama watachukua kombe."

Ni jambo la dakika moja. Hanad alilifanyia mazoezi miezi minne. Alijiambia atasema baada ya Ramadhani, kisha baada ya Idi, kisha goti likipona. Mtu aliyepiga penalti mbele ya maelfu ya watu Hargeisa, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuweza kutamka neno moja mbele ya wauza maziwa. Aliwaona tayari vijana waliombeba wakimzomea. Mwishowe akafanya alilozoea: akaenda kwa mama. Akamweleza Kaaha mapenzi yake yote, akalia kidogo, na sharti la Fowsiya akalisahau kidogo.

Kesho yake Kaaha aliita kikao mwenyewe, nyumbani kwa Maalim Aden. Wazee walikaa upande mmoja, wanawake upande wa pili nyuma ya pazia, na Hanad katikati akivunja vidole. Alijua kuwa sasa ndipo pa kusema. Akakohoa. Kabla hajamaliza kukohoa, Kaaha alisimama.

"Maalim, niliapa uongo," alisema kwa Kisomali. "Huyu sikumnyonyesha hata tone. Nilikuwa na uchungu wa mtoto niliyemzika, shetani akanipitia. Adhabu yoyote, nipeni mimi."

Mwanamke huyo aliaminiwa na soko zima. Watu walimwachia vyombo vyao vya maziwa bila kuhesabu. Sasa mzee mmoja alimpa kisogo. Maalim Aden akamgeukia Hanad.

"Na wewe ulikiri mbele yangu. Nani aliyeleta maneno haya kwa mwenzake? Wewe ulimwendea, au yeye alikuita?"

Goli lilikuwa wazi, kipa hayupo. Hanad aliangalia wazee, akaangalia pazia, akaangalia miguu yake.

"Mimi nilikuwa mgeni," alisema. "Mama alisisitiza."

Kaaha alikubali kwa kichwa, kama mtu anayethibitisha bei.

Maalim alishauriana na wazee, kisha akatoa neno: palipokosekana maziwa hakuna undugu, na posa si haramu. Hanad alivuta pumzi, hata akaanza kutabasamu. Ndipo sauti ya Fowsiya ikatoka nyuma ya pazia, ya adabu na ya taratibu.

"Maalim, kwa hiyo huyu si kaka yangu?"

"Si kaka yako."

"Alhamdulillahi," alisema Fowsiya. "Nilikuwa naona haya kuwa na kaka kama huyo. Na kama ni posa, jibu langu ni hapana."

Watu walitawanyika bila kumwangalia Hanad. Nje, jua la adhuhuri likichoma mchanga, Hanad alimkuta Kaaha ameinama akitafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu. Alimsogelea kwa haraka. Alitaka kumwomba msamaha, au angalau kumwambia kwaheri, maana lori la kwenda Garissa lilikuwa linapakia. Akafungua mdomo amwite, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakosa la kumwita.

Kaaha alivaa viatu vyake, akangoja kidogo, kisha akaenda zake sokoni.