Joka la Dizeli

Nikifungua kitabu kikuukuu, harufu ya ile karatasi inanirudisha kwa chumba chetu Kariobangi. Sista yangu alifuata mfululizo wa vitabu vya roketi. Mimi, mkia wa darasa, nilifuata wa wachawi na majoka. Mathe, mama yetu, mtu wa kanisa, aliapa kuchoma chochote cha uchawi, kwa hivyo changu nikakivisha kava ya roketi.

Siku moja akipika akaniambia, "Hebu nisomee hiyo sayansi."

Nikasoma mpaka joka likatema moto. Akageuka na mwiko mkononi.

"Joka?"

"Hiyo ni injini, mama. Wameibatiza tu joka."

Sista akaficha kicheko kwa leso.

"Inakunywa petroli?" Mathe akauliza.

"Dizeli."

Mathe akavuta kiti. "Soma basi, tuone kama itafika."

Siku hiyo kilichoungua ni mboga ya sukuma kwa sufuria peke yake.