Maji Yaliyonuka Kasenyi

Mwezi uliopita ardhi ilitikisika kidogo hapa Bunia, mchana, nikiwa napepeta mchele. Jirani alicheka akiniona nimekimbilia uwanjani, ungo bado mkononi. Acha nikueleze, rafiki yangu, ili wewe usinicheke.

Miaka ya sabini, kila vakansi kubwa, shule zikifungwa, nilishuka Kasenyi kando ya ziwa, kwa koko, mama ya mama yangu. Tulipasua samaki, tukawatia chumvi, tukawageuza juani hadi mikono ikanuka wiki nzima. Jioni ilikuwa bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na kicheko cha jirani yetu, mjane aliyekausha samaki kwa moshi.

Mwaka mmoja maji ya ufukoni yalibadilika rangi, yakanuka kama mayai mabovu. Samaki wadogo wakaelea tumbo juu. Mbwa walikataa kushuka ufukoni. Koko alinusa, akaweka kisu chini.

"Nilipokuwa mutoto, ziwa ilinuka hivi," akasema. "Kiisha udongo ukatikisika chini ya mayi. Tutoke mu manyumba."

Tukahamia kwenye shamba la mahindi, chini ya turubai, sisi na mjane na mtoto wake mchanga. Siku tatu zikapita bure. Wavuvi wakipita walituuliza kama dunia imeisha. Mwalimu wa shule alimwambia koko, kwa upole, kwamba hakuna anayejua siku ya tetemeko. Siku ya nne mvua ikatunyeshea asubuhi nzima, mtoto akaanza kukohoa. Koko aliwatazama watu waliokuwa wanamtazama, na haya ikamshinda.

"Weye rudi tu kwako, dada," akamwambia mjane. "Pengine nilijidanganya. Siye pia tunarudi."

Mjane akatangulia. Tulikuwa bado tunakunja turubai wakati mngurumo ulipotoka ziwani, kama lori linalopanda mlima. Nikaanguka. Mahindi yakalala upande mmoja, yakainuka, yakalala tena. Nilipoweza kusimama, mabati ya nyumba ya mjane yalikuwa yamelala juu ya matofali.

Koko alichimba kwa mikono hadi kucha zikatoka damu. Mwalimu alichimba kando yake. Mtoto tulimkuta hai, chini ya mama yake. Mama alikuwa amemwinamia.

Kwenye kilio cha mjane hakuna aliyemlaumu koko. Walimshika mkono kwa heshima, wakisema, "Weye ulijua!" Naye kila mara aliinamisha kichwa kama mtu aliyepigwa.

Alimlea yule mtoto. Miaka ya themanini, maji yaliponuka tena, watu walikuja mbio kumuuliza, "Koko, tutoke?" Aliendelea kutia samaki chumvi. "Mimi sijue," akajibu. Safari hiyo hakukuja kitu.

Wazee walioweza kulinusa ziwa wameisha, na koko pamoja nao. Sijui hata leo kama kweli alijua. Ninachokumbuka ni kwamba tangu siku ile hatukumsikia tena akisema jambo lolote kwa uhakika, hata kwamba mvua itanyesha, wakati matone ya kwanza yalikuwa tayari yanagonga mabati.