Maoni ya Susu kuhusu Mchinjaji

Nilipokuwa mtoto kule Matinyani, niliamini kwa siku tatu nzima kwamba nimemharibia mdogo wangu maziwa kwa kuangalia video. Cheka tu ukitaka. Mimi sikucheka. Mdogo wangu Mwende alikuwa na miezi miwili, mama alikuwa amelazwa hospitalini Kitui tangu amzae, na chakula cha mtoto kilikuwa kimoja tu: maziwa ya mbuzi aliyeitwa Madoa. Mbuzi alikuwa wa susu, nyanya yetu mzaa mama, ambaye ndiye aliyetulea wakati huo.

Kilichonikumbusha ni simu. Juzi nilikuta watu mtandaoni wakibishana juu ya filamu ile ile, ya kutisha, ya miaka ya themanini, sehemu ya pili. Mmoja anasema ya kwanza ilikuwa na akili, hii ni damu tupu. Mwingine anaapa hakuna iliyowahi kuifikia. Nilisoma maoni yao mpaka chai ikapoa, nikawahurumia, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia maoni ya susu.

Sisi tuliiita Mchinjaji. Jina lake la Kizungu hakuna aliyejisumbua nalo. Ililetwa na Kivuva, aliyekuwa na jenereta, televisheni moja na chumba cha mawe nyuma ya mashine ya kusaga unga pale sokoni. Mchana alining'iniza magunia madirishani ili giza liingie, watu wazima wakakaa kwenye mbao, watoto chini. Na Kivuva alikuwa na utaratibu wake. Filamu ikiisha alisimama mlangoni na kipande cha chaki, na hutoki mpaka utoe maoni. Aliyaandika upande wa ndani wa mlango, ili akienda Kitui kubadilisha kanda ajue watu wake wanapenda nini.

Siku hiyo susu alikuwa ameenda kwenye ushirika wa akina mama, Mwende mgongoni, na mimi nimetumwa kusaga mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Niliacha debe langu kwenye mstari nikaingia kwa Kivuva, niangalie kidogo tu. Nani amewahi kuangalia kidogo tu?

Haki ya Mungu, ilikuwa nzuri. Nasema hivyo leo nikiwa mtu mzima na watoto wangu. Ilikuwa juu ya mchinjaji aliyeuawa mwishoni mwa ile ya kwanza, ambaye sasa anaamka ndani ya stoo ya nyama na kuwafuata waliomuua. Damu ilikuwa nyingi, sikatai, ilimwagika mpaka ikakosa haya. Lakini aliyeitengeneza alijua kutusubirisha. Kabla ya kila mtu kuuawa ulisikia mnyororo wa ndoano ukigonga ukuta polepole, na humwoni mtu. Chumba kizima kiliacha kupumua. Nilihesabu waliokufa kwa vidole: watu tisa na mbwa.

Mlangoni kelele zilianza. "Ya kwanza ilikuwa na hadithi," fundi wa cherehani akasema. "Hii ni kuchinja tu."

"Wee, wacha maneno!" akamjibu mwuza maji, yule wa punda wawili. "Hii imeipita ya kwanza mbali sana. Umeona alivyotokea nyuma ya mlango? Si hata wewe fundi ulinishika shati!"

Kivuva akaniinamia. "Na wewe Ndinda?"

"Ni nzuri sana. Nimeogopa mpaka miguu."

Akaandika: Ndinda, nzuri, miguu. Nilijiona mkubwa kama chifu.

Nilifika nyumbani jua likielekea kuzama. Susu hajarudi, na Madoa analia, chuchu zimejaa. Kukamua nilijua. Tatizo lilikuwa thavu.

Susu alikuwa mtu wa kanisa, wa mstari wa mbele, wa kuanzisha nyimbo. Lakini thavu, unajisi unaomshika mtu aliyeona damu ya mwenzake ikimwagika, kwake halikuwa jambo la mjadala, na mchungaji alijua asilete mjadala huo. Ukiwa na thavu huingii kwa mbuzi. Ukiingia, maziwa yanaharibika. Mwaka mmoja nyuma jirani yetu alitoka kusaidia watu kwenye ajali barabarani, akaja moja kwa moja kuomba jembe. Susu alimsimamisha langoni. "Simama hapo hapo," akamwambia, na hakumruhusu kupita mpaka alipomwosha mikono kwa maji ya moto na chumvi, polepole, kama anamwosha mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika kopo.

Kwa hivyo nilijua. Nilisimama kwenye mlango wa zizi nikijiambia kwamba ile ni televisheni tu. Kisha nikakumbuka nimewaona kwa macho yangu, watu tisa. Kisha Mwende akaja akilini, akirudi na njaa. Nikaingia. Madoa alirusha teke, nikamkaza. Kila nikifumba macho nilisikia ule mnyororo. Nilimaliza haraka, na susu aliporudi nikampa kopo la maziwa bila kumwambia nilikotoka.

Asubuhi susu alitoka zizini na kopo mkononi. Maziwa yalikuwa na nyuzi nyekundu. Aliyamwaga kando ya ua.

"Nani mwingine ameingia kwa mbuzi?"

"Hakuna, Susu. Ni mimi nilikamua tu jana."

"Hakuna kitu umeona?"

"Hakuna."

Niliubeba uongo huo siku mbili. Ulikuwa mwaka mbaya, mbuzi wa majirani wamekauka. Susu alizunguka na kikombe akarudi nacho kitupu. Mwende alipewa uji mwepesi, akautapika. Siku ya pili maziwa yalitoka na damu zaidi na Madoa hakukubali kuguswa. Siku ya tatu mtoto aliacha kupiga kelele, akawa analia kwa sauti ndogo ya kuchoka, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Ningeweza kuvumilia kelele. Niliogopa kwamba Mwende atakufa na nitakuwa nimemuua mimi.

Nilimkuta susu anachochea moto. "Susu, ni mimi. Niliona damu."

Aligeuka. "Ya nani?"

"Ya watu. Kwa Kivuva. Tisa. Na mbwa."

Nilitegemea kofi. Haki, nililitamani kofi lile. Yeye alinitazama tu, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za msiba wa kweli, "Uliwaona wakifa?"

"Kwa macho yangu."

Akafunga kitambaa cheupe cha ushirika kichwani, akambeba Mwende, akachukua kiondo. "Twende nikawaone."

Kwa sababu mlango ulikuwa umejaa sifa, Kivuva alikuwa anairudia filamu kila mchana. Susu aliingia. Mwuza maji alisimama kumpisha. Fundi alijaribu kujificha nyuma ya mtu mwembamba kuliko yeye, maana walikuwa wa kanisa moja. "Kaeni," susu akasema. "Nimekuja kuangalia kama nyinyi." Akakaa mbele kabisa, Mwende amelala mapajani.

Aliiangalia yote. Hakufunika macho hata mara moja. Mchinjaji alipomtundika mtu wa kwanza kwenye ndoano, susu alitikisa kichwa. "Hajui kutundika. Hapo nyama ingeanguka." Watu wakacheka chini chini. Damu ilipotapakaa ukutani akasema, "Ai! Damu haikai nyekundu namna hiyo." Lakini mnyororo ulipogonga ukuta nilimwona, haki nilimwona, akivuta leso kumfunika Mwende.

Ilipoisha Kivuva alisimama mlangoni, chaki mkononi, hajui aitie mfukoni au aitumie. Hatimaye ujasiri ukamjia. "Mwaitu," akasema, kwa heshima ya mtu anayemwita mama, "na wewe una maoni?"

"Ninayo. Andika. Aliyetengeneza hii ni fundi kweli kweli. Mimi nimechinja tangu nikiwa msichana, na amenifanya niogope ndoano."

Watu wakapiga makofi. Kivuva akaandika haraka.

"Sijamaliza. Wamekufa watu tisa. Ni nani aliyeliliwa?"

Mwuza maji alitazama juu, akijaribu kukumbuka.

"Hata mmoja hakufunikwa leso. Hakuna mama aliyekuja, hakuna aliyechimba kaburi. Mtu akifa huliliwa. Hawa hawakufa." Akanigeukia mbele ya watu wote. "Ndinda, hakuna thavu hapa."

Nililia mpaka kamasi. Nilikuwa nimebeba maiti tisa kwa siku tatu na sasa nimetuliwa mzigo. Lakini tukiwa njiani wasiwasi ulirudi. Kama hakuna thavu, mbona maziwa yana damu?

Nilimuuliza susu tulipofika zizini. Alinyoosha vidole viwili. "Kamua. Kama ulivyomkamua Madoa siku ile."

Nikavishika. Nikafumba macho ili nikumbuke vizuri, mnyororo ukagonga, nikakaza.

"Ai! Ai! Niachie!" Akavipuliza vidole vyake. Kisha akaketi chini kabisa ili macho yetu yalingane. "Umeona? Ulikuja nyumbani, lakini mikono yako ilikuwa bado kwa yule mchinjaji."

Alipasha maji, akatia chumvi, akaniosha mikono kama alivyomwosha jirani, bila haraka, kidole baada ya kidole. Kwenye maji mengine ya moto alichovya kitambaa, akamkanda Madoa kiwele asubuhi na jioni, na siku hizo alikamua yeye mwenyewe kwa upole sana. Baada ya siku mbili maziwa yalitoka meupe. Mwende alikunywa akisinzia, akaamka, akataka tena. Mama alirudi mwezi uliofuata akamkuta na mashavu.

Leo mimi ni afisa wa mifugo huko Makueni. Nimesomea viwele, najua kwamba mkono mkali huvunja mishipa midogo na damu ikaingia kwenye maziwa. Ningeweza kusema susu alikuwa na imani tu na mimi nina elimu. Siwezi. Mwanamke yule alijua, kabla ya mwalimu yeyote kuniambia, kwamba mtu aliyeona damu hafai kushika mnyama mpaka mtu mwingine amshike yeye kwanza. Nimefanya kazi na wengi wenye vyeti ambao hawajui hilo.

Susu tulimzika mwaka jana. Tulimlilia sana, hata fundi, ambaye sasa ni mzee wa kanisa. Jioni ile, watu wakiwa wanaondoka, mwana wa jirani alikuja mbio: mbuzi wao ameshindwa kuzaa, kitoto kimekwama, na afisa si yuko hapa hapa? Nilikunja mikono ya nguo ya matanga. Mwende, ambaye sasa amenipita kimo, tayari alikuwa ameinjika maji na kutia chumvi bila kuambiwa. Aliniosha. Kisha akaninyooshea vidole viwili.

Nikavishika.

"Bado," akasema.

Tukakaa kwenye kizingiti cha susu, mbuzi akilia ng'ambo ya ua, yule kijana akitutazama kama wendawazimu. Nikavuta pumzi. Nikavishika tena.

"Sasa nenda."