Dishi la Zahanati ya Kwetu

Kwetu kisiwani mnara wa simu hakuna. Ukitaka kuongea na mtu unavuka kwa boti hadi mjini. Walipokuja watu wa kampuni kufunga dishi juu ya paa la zahanati, wakasema setilaiti yao ya kwanza ya mawasiliano ikirushwa tu simu zitashika, basi tukaamini.

Binti yangu alikuwa na mimba ya kwanza, anaishi kwa mumewe mjini, karibu na hospitali. Lakini kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama. Mama mwenyewe nipo Doha, napika kwenye nyumba ya watu, mtaa wa Muaither. Ukoo tukakata shauri: arudi kisiwani akae na shangazi yake, mimi nitamwelekeza kwa simu, na nesi atamuuliza daktari kwa simu hiyohiyo. Akavuka.

Siku ya kurusha nilikuwa nakanda unga. Dereva wa nyumba, Mkenya anayeniita Shosho, yaani bibi, akaniegemezea simu yake kwenye kopo la samli. Roketi ikapaa.

"Shosho, umeona? Sasa utaongea mpaka bando iishe!"

Punde moshi ukawa mweusi, vipande vikaanza kudondoka.

"Hiyo nayo ni nini?"

"Labda inaachana na tanki..."

"Usinidanganye. Ndege ikimwaga vyuma namna hiyo utaniambia inatua?"

Akaongeza sauti. Mtangazaji akasema roketi imelipuka, setilaiti imepotea.

Nikanawa mikono, nikampigia mkwe wangu mjini aende akamrudishe mkewe. Akasema bahari imechafuka, boti zimezuiwa. "Na mama, mwezi wake ndio huu." Kama vile mimi sijui kuhesabu.

Nikamwendea mama mwenye nyumba kuomba ruhusa ya kurudi kwetu.

"Inshallah, baada ya Ramadhani."

"Mtoto hangoji Ramadhani," nikamwambia. Akaniangalia, akarudi kwa wageni wake.

Tangu siku hiyo namrekodia binti yangu sauti. Uchungu ukianza mwite nesi mapema. Usikubali mtu akukande tumbo. Damu ikizidi usione haya, piga kelele. Kila ujumbe una tiki moja tu, haujamfikia.

Jana dereva akanambia, "Shosho, pumzika basi. Hazifiki."

Nikamtoa jikoni. Nikabonyeza tena.

"Mwanangu, ni mama. Shangazi yako humwambii jambo mara moja akalifanya. Mwambie mara mbili. Umesikia?"