Nilivyokwenda ukweni Nosy Be na pampu ya kurefushia, baba mkwe akaitia mafuta ya langilangi

Wakuu, wasalaam. Vuteni viti.

Nitakayoandika hapa ni kweli. Nikiongeza chumvi mtaionja wenyewe, mimi chumvi sifichi. Lakini asije mtu kuniambia ni chai. Hii ni supu, na mfupa ndimi.

Mpaka nakaribia miaka thelathini, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba wanaume wa kisiwa cha Nosy Be hufungwa mawe.

Ndiyo. Mawe. Na mnajua wanafungwa wapi.

Mimi ni mtoto wa Mahajanga, Madagaska, mtaa wa Antanimasaja. Asili yetu Ngazija. Nyumbani tulisema Kikomoro, mtaani Kimalagasi, kwa bosi Kifaransa. Kiswahili kwetu yalikuwa maneno ya babu tu, ya dini na ya bahari. Hiki mnachokisoma nimekipata ukubwani, shule ya jioni hapa Dar. Cheti ninacho, kimetundikwa sebuleni kikubwa kuliko dirisha.

Turudi kwenye mawe.

Nosy Be kuna mashamba ya milangilangi, ile miti ya maua ya manjano yanayokenekwa, yaani kuchemshwa mpaka mvuke utone, kupata mafuta ya manukato. Ukipita shambani utaona matawi yamefungwa mawe kwa kamba, yananing'inia. Hilo ni kweli, nimeliona kwa macho yangu.

Sasa rafiki yangu Bakari, baharia, alikuwa akipita huko na meli. Siku moja tuko kwa kinyozi, mtaa wa Tanambao, akatueleza kwa uso mkavu kama wa kadhi:

"Mti ukifungwa jiwe, tawi linarefuka. Wazee wa kule si wajinga. Kijana akibalehe, naye anapewa la kwake."

Kinyozi akasimamisha mkasi. Mzee aliyekuwa ananyolewa akasema, "Subhanallah." Hakuna aliyecheka. Tulikuwa wanaume kama wanane pale, na wote tulitoka tukiwa wadogo kuliko tulivyoingia.

Ingeishia hapo nisingekuwa na uzi wa kuwaandikia. Lakini mwaka uleule nikaposa. Na nikaposa wapi? Nosy Be!

Anaitwa Echati. Alikuja Mahajanga kwa shangazi yake, nikamwona anabishana na muuza samaki mpaka muuza samaki akaomba radhi. Nikasema huyu ndiye. Kwao ni Ambondrona, upande wa ufukweni, na baba yake, Ba Attoumani, ana shamba la milangilangi na mtambo wake mwenyewe wa kukeneka mafuta.

Mnaielewa hesabu yangu? Binti wa shamba la mawe. Amekulia katikati ya watu wa mawe. Mimi wa Antanimasaja, sijawahi kufungwa hata uzi.

Na kuna jambo lazima mlijue. Kwetu Wakomoro nyumba ni ya mke. Wakwe humjengea binti yao, mume anaingia na mkoba wake. Akishindwa, anatoka na mkoba uleule, mchana kweupe, majirani wanahesabu vifungo vya shati lake. Mjomba wangu mmoja alitoka hivyo. Mpaka anakufa watu walimwita "Mkoba".

Kwa hiyo usiku silali. Nikasema lazima nijiongeze.

Nilianza na ya asili. Nikatafuta chubwi, ile risasi ya kuzamishia mshipi wa kuvulia, nikaifunga kwa kitambaa laini, nikavaa kanzu juu. Nikawa natembea kama mtu aliyebeba mayai. Mama akaniuliza, "Salimu, umeumia nyonga?" Nikasema ni mazoezi. Akasema, "Haya, njoo unywe chai." Nikakaa kwenye kiti cha bati.

Ko!

Mama akaniangalia. Nikaangalia dari.

"Ni funguo," nikasema.

"Funguo za gereza?" akauliza.

Wakuu, msijaribu. Nilikufa ganzi mpaka nikaanza kusoma dua za safari. Chubwi nikairudisha kwa mvuvi mwenyewe, na bahati mbaya yule mvuvi alikuwa na tabia ya kukata uzi kwa meno huku kaishika mdomoni. Sikumwambia kitu. Mungu anisamehe.

Bakari ndiye aliyeniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Akarudi kutoka safari ya kisiwa cha Reunion na kifaa cha kizungu. Mrija wa plastiki unaong'aa kama kioo, mpana kiasi, umechorwa mistari ya sentimita ubavuni, juu una kimpira na kibofyo cha kuvutia hewa. Unaingiza, unabofya, hewa inatoka, mwili unavutwa. Nilimpa redio yangu ya kaseti tukabadilishana, redio niliyokuwa naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Mara ya kwanza, wakuu, nililia kwa furaha. Kilivimba kama andazi la Ramadhani! Nikasema Nosy Be wajipange, nakuja.

Nikaenda kunywa kahawa kusherehekea. Kahawa haijapoa, andazi limeshakuwa chapati.

Nikaendelea. Kila nikipata nafasi nabofya, napima kwa rula. Rula inasema vilevile. Nikagundua nikiibana rula zaidi tumboni napata maendeleo, basi nikawa nabana zaidi. Tumbo lilipata alama ya sifuri iliyokaa mwezi mzima. Na kule chini nikapata madoadoa mekundu na uvimbe wa uongo upande mmoja, kama bamia iliyoumwa na nyuki. Maelekezo yalisema usizidishe presha. Yalikuwa kwa Kifaransa, nikayasoma yote, nikaona yanawahusu Wafaransa.

Harusi ikafika. Mkoba nikaufunga mwenyewe: kanzu, kofia, marashi, na katikati kabisa, nimeviringisha kwenye taulo, kifaa. Nikapanda gari mpaka bandari ya Ankify, nikavuka kwa boti, mkoba nimeupakata kama mtoto mgonjwa. Bakari alinisindikiza, ndiye msimamizi wangu.

Wenyeji wa desturi hizi mnajua: bwana harusi akishaingia nyumba ya mke, wiki nzima hatoki. Unakaa ndani umepambwa kama sanduku la bibi, unalishwa, wageni wanakuja kukutazama. Nguo zako wanawake wa ukweni wanazichukua kufua, na ukikataa ni tusi.

Usiku wa kwanza nilisema nimechoka na safari. Echati akasema sawa. Usiku wa pili nikasema kichwa. Echati akasema sawa, lakini ile sawa ilikuwa fupi. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya ile bamia, na niliogopa atanipima kwa macho na kunilinganisha na watu wa mawe. Mkoba wa mjomba nikawa nauona mpaka usingizini.

Asubuhi nikaamka. Taulo halipo.

Na kilichokuwa ndani ya taulo hakipo.

Kabla sijajua nianze kutafuta au nianze kukimbia, nikaitwa barazani. Wazee wamejaa. Bakari yupo kati yao na kikombe cha kahawa. Ba Attoumani akaingia anatabasamu mpaka masikioni, amekishika juu kwa mikono miwili kama anayeonyesha mtoto mchanga.

Mrija wangu.

Kaupindua juu chini, na kile kitundu cha kimpira kakiziba. Ndani kajaza mafuta ya langilangi, ya kwanza kutoka mtamboni asubuhi ile, ya rangi ya dhahabu.

Nisikilizeni vizuri hapa. Mtu anayekeneka mafuta anahitaji mrija wa kuona ndani, wenye mistari, ili aone mafuta yamefika wapi na maji yamefika wapi. Wake wa kioo ulikuwa umevunjika kabla ya harusi na alikuwa anausikitikia kila siku. Mama mkwe kakuta huu kwenye taulo, akampelekea. Mzee akaona mkwe kaleta zawadi na kaona haya kuitoa.

"Wazee wenzangu," akasema, "wengine wanaletewa kofia. Mimi mkwe wangu kaniletea kifaa cha kazi!"

Bakari akapaliwa na kahawa. Ikatokea puani. Akapigwa mgongo na watu wawili.

"Tazameni mistari hii. Na upana wake! Ule wangu ulikuwa mwembamba kama kidole. Huu mkono unaingia ukiuosha."

"Kweli umeumbika," mzee mmoja akasema. "Mwanangu, umeshaujaribu?"

Wote wakanigeukia.

"Kidogo," nikasema.

"Unafanya kazi?"

"Bado sijaona tofauti, baba."

"Subira," akaniambia. "Vifaa vya kazi vinataka subira."

Bakari akatoka nje. Nilimsikia anagonga ukuta kwa kichwa.

"Na hiki kimpira na kibofyo?" Ba Attoumani akauliza, akakitoa mfukoni.

Shule ya jioni nilikuwa sijaingia bado, lakini siku ile nilihitimu. "Ni cha kuvuta hewa, baba. Hewa inaharibu harufu."

"Mnaona! Mnaona kijana mwenye kichwa!"

Kisha akachovya kidole kwenye mafuta, akaanza kuwapaka wageni. Mikononi. Kwenye ndevu. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe mpaka kifuani alipakwa pande zote mbili, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, akasema hajawahi kupata langilangi yenye kina kama hii.

Wakuu, mimi mrija ule niliusuuza kwa maji tu. Mara nyingine hata maji yalikuwa hayajatoka bombani.

Nikainua macho. Mlangoni amesimama Echati. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye hoteli za vazaha, wageni wa kizungu, pale Ambondrona, anatandika vyumba. Aliutazama mrija. Akanitazama mimi. Akautazama mrija tena. Nikajua amekwisha kuviona vifaa vya namna ile, na si mtamboni.

"Baba," akasema kwa adabu zote, "naomba nimchukue mume wangu kidogo."

Tukaingia chumbani. Akafunga mlango. Akauvuta mkoba wangu chini ya kitanda, akauweka juu ya shuka mbele yangu, wazi.

Basi. Nikaanza kuikunja kanzu yangu ya pili niitie ndani. Nilishajiona kwenye boti, jina langu jipya likinisubiri Mahajanga.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Naondoka."

"Nani kakwambia uondoke? Nataka kuona kama kuna kingine, kabla baba hajakimwagia mafuta. Kuna kingine?"

"Hakuna."

Akakaa. Ndipo nikaona macho yake yamelowa, na haikuwa kicheko. "Siku mbili unanigeuzia mgongo," akasema. "Nilidhani umeniona sipendezi. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia mama."

Hilo wakuu lilinipiga kuliko chubwi. Mimi naogopa kupimwa, kumbe mwenzangu upande wa pili wa kitanda naye anajipima.

Nikamweleza yote. Kinyozi, Bakari, mawe, funguo za gereza, andazi, bamia. Nilipofika kwenye mawe, alijirusha kitandani akang'ata mto ili wazee wasisikie. Miguu inapiga hewani. Nilidhani kashikwa na kifafa.

Kabla sijawawekea alichonijibu alipopata pumzi, niseme la kwangu, maana najua humu ndani kuna mtu sasa hivi kaagiza kitu na kinakuja kimefungwa kwenye boksi jeusi.

Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza daktari hapa Dar. Akasema pampu za namna ile zipo hospitalini kweli, kwa mtu mwenye shida ya nguvu za kiume, na kwa maelekezo. Kinachovimba ni damu na maji, kinarudi kilikotoka. Ukizidisha unapasua mishipa midogo. Vya kuvuta na kuning'iniza akasema havifai kujaribiwa kienyeji. Akasema wengi wanaokuja kwake na rula hawana upungufu wowote, wana rafiki kama Bakari.

Bamia yangu ilipona yenyewe, kwa kuachwa. Mrija ule baba mkwe aliutumia mpaka mafuta yakaila ile plastiki ikawa na ukungu kama jicho la mzee, na akanisumbua miaka nimletee mwingine. Nilimletea wa kioo. Akaupokea, akasema ni mzuri, lakini ule wa harusi ulikuwa na kitu fulani.

Mliopita njia hii, semeni hapa chini bila haya. Mnaotaka kunicheka, Bakari alishawatangulia, foleni ni ndefu. Mnaotaka kuuliza kifaa kinauzwa wapi, rudini juu mkasome upya.

Sasa Echati. Alijifuta machozi kwa ncha ya leso, akanishika mkono akanipeleka dirishani. Shamba lilikuwa pale, mawe yananing'inia, na wanawake wanachuma maua wakiwa wamesimama chini.

"Salimu," akasema, "jiwe halirefushi tawi. Linaliinamisha, tuweze kufikia maua bila kupanda. Wanaume hatuwafungi chochote. Ungeuliza."